Waya Unaosema Ngoja

Numbi mwanangu,

Umetoka kwenda kuaga watu wa kanisa, nyumba imenyamaza, na mi nimekaa kwenye meza yako, pale unapowekaga kompyuta. Kesho asubuhi basi la Lusaka linaondoka na tikiti yako iko ndani ya Biblia. Lakini jana ulimwambia baba yako kwenye simu, akasikia vizuri kule Tenke kwenye kazi yake ya ulinzi: "Tikiti ni karatasi, tata. Kama mama anasema ngoja, mi nashuka kwenye basi." Yeye alikwisha kusema ndiyo siku nyingi. Basi kilichobaki ni jibu langu, na bado sijakupa. Mdomo wangu ni mwepesi mno, unaujua. Ndiyo maana nimechukua kalamu. Mkono huu ulijifunza kuandika nikiwa mtu mzima, kwa wale mama wa kanisa, na unatembea pole pole. Hauwezi kukimbia mbele ya moyo.

Sitaandika juu ya sweta, wala dawa ya malaria, wala unga. Hayo nimeyatia kwenye begi, wewe umeyatoa, mi nimeyarudisha. Tuyaache.

Nataka kuandika juu ya kazi yako ya kwenye labo, kule wanakopima damu, maana tangu siku ile akili yangu haijakaa chini. Nimeona mambo hapa Kolwezi. Nimeona mlima ukiliwa mpaka ukawa shimo. Nimeona nyaya nene za umeme wa bwawa la Nzilo zikipita juu ya paa letu kwenda mbali, na sisi tukiwasha mshumaa chini yake. Nilifikiri nimemaliza kushangaa.

Unakumbuka Tata Kazadi wa labo alivyokuita. Nilikuwepo, na beseni langu la mikate ya kukaanga pale mlangoni pa kituo cha afya. Ile mashine yao ya kuhesabu damu waliiachaga masista walipoondoka, na yenyewe ilikuwa nzima. Kilichokufa ni kompyuta ya zamani iliyokuwa inapokea majibu yake. Vumbi na umeme wa kukatika-katika viliimaliza. Na mashine hiyo ya damu inaongea na programu moja tu, na programu hiyo inakubali kukaa kwenye kompyuta za aina ile tu, na kompyuta za aina ile hakuna anayezitengeneza tena. Tata Kazadi akawa anahesabu damu kwa jicho, mmoja mmoja, mpaka macho yanatoa maji, na foleni inafika mpaka kwenye beseni langu.

Wewe ukamwambia, bila hata kukaa: "Tata, tutafufua kompyuta yako ndani ya hii yangu."

Akavua miwani. "Mutoto, weye uko mupasta?"

"Hapana, tata. Iko programu."

"Haya. Lazaro wangu ni ule pale kwenye kona. Anaanza kunuka."

Nyumbani nilikuuliza maana yake. Ulikuwa unakula, ukaniambia na ugali mdomoni kwamba ni programu inayoiga mashine. Inajifanya ile kompyuta ya zamani, kila kiungo, na ile programu ya damu inaamka ndani yake, inatazama huku na huku, inaona kila kitu kiko mahali pake, inaanza kazi.

"Na haijui kama iko ndani ya nyingine?"

"Haijui, mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Inafikiri iko kwake."

Nikafanya ishara ya msalaba, ukacheka mpaka ukapaliwa na maji. Mi sikuwa ninacheza. Siku nzima nilikaanga mikate nikijiuliza: na sisi je, tuko ndani ya nini?

Ikaamka kweli. Tata Kazadi alipoona ule uso wa zamani wa kompyuta yake, yale maandishi ya kijani, alishika kifua. Halafu ukachomeka kebo, mashine ya damu ikaanza kutuma majibu, na hapo tabu ikaingia.

Majibu yalikuja nusu. Karatasi ilikuwa na jina la mtoto juu, hesabu mbili tatu, kisha pengo, kisha mwisho wa mstari wa mtu mwingine. Alikuwepo mama mmoja kutoka Kasulo na mtoto mweupe kama mhogo, damu imekwisha mwilini. Tata Kazadi akamwambia lazima amtoboe tena kidole. Mtoto akalia, mama akalia, wakamtoboa, karatasi ikaja nusu tena. Nyuma ya foleni mwanamke mmoja akasema kwa sauti ya kusikika: "Bon, batoto ya kompyuta bamefika. Kesho batatutoboa miguu!" Watu wakacheka. Wewe hukucheka. Ulikunja kompyuta yako ukapita mbele yangu kama vile hunijui, na nilijua kilichokuuma si kicheko. Ulikuwa unawaza yule mtoto. Ulikuwa unawaza kwamba karatasi ya nusu inaonekana mara moja, lakini siku moja inaweza kuja karatasi iliyojaa, yenye hesabu za mtu mwingine, na Tata Kazadi aiamini.

Alikuambia, kwa upole wake wa watu wa Kasai: "Binti, mi narudilia macho yangu. Weye tafuta. Usiniletee mpaka iko sawa."

Na mi nikasaidia! Niache nicheke kidogo peke yangu. Nilifikiri vumbi ndilo linaingia, nikafunika kompyuta yako na kitenge ikiwa inafanya kazi, ikapata joto ikazimika, ukapoteza kazi ya asubuhi nzima. Hukunitukana. Ulitazama kitenge, ukanitazama mi, ukatoka nje ukazunguka nyumba. Halafu nikaenda sokoni nikakununulia kebo mpya, nene, nzuri, muuzaji ameniapia kwa watoto wake. Ilikuwa kebo ya televisheni. Uliitundika ukutani. Ulisema ni dekorasyo, pambo la nyumba.

Siku uliyopata kosa, ulikuwa umekaa sakafuni na kebo mapajani, ukapiga kelele nikafikiri ni nyoka.

"Mama! Inasema ngoja! Kila siku ilikuwa inasema ngoja!"

Ukanivuta nikae karibu, ukanionyesha ule mlango wa nyuma wa mashine, wenye pini ndogo ndogo. Mi nilikuwa nafikiri nyaya zote ndani ya kebo zinabeba maneno. Kumbe maneno yanapita kwenye mbili tu, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Zile nyingine hazibebi neno hata moja. Kazi yake ni kusema hali tu: nipo. Niko tayari. Ngoja. Basi. Nilikuuliza mara ya pili kama nimesikia vizuri. Watu waliotengeneza kebo, tangu zamani hizo, walikaa wakafikiri kwamba kusema hakutoshi. Wakatenga waya mzima, shaba nzima, pengine shaba ya huku kwetu, kwa ajili ya kusema "ngoja" tu. Mwanangu, ni nani aliyewafundisha adabu ile?

Ukanieleza kosa. Ile programu ya damu, kila ikipokea mistari michache, inaenda kuiandika mahali pa kutunzia, na wakati huo mikono yake imejaa. Inashusha ishara yake: ngoja. Mashine ya damu ikiona ishara imeshuka, inanyamaza mpaka ipande tena. Ndivyo zilivyokuwa zinaelewana miaka yote. Lakini sasa katikati yao iko programu yako ya kuiga. Yenyewe ilikuwa inapokea ile "ngoja" kutoka ndani, inaiandika kwake, na haiipitishi kwenye waya wa kweli nje. Nje waya ulibaki unasema: tayari, tayari, tayari. Mashine ya damu ikaendelea kumwaga, na hesabu za watoto wa watu zikaanguka chini.

"Ngoja ilisemwa, mama," ukaniambia. "Ilisemwa muzuri kabisa. Njiani kuna mutu aliiweka mufukoni."

Hapo nikakumbuka kamba ya tata yako. Hadithi unaijua, yeye anapenda kuisimulia watu wacheke, lakini nataka uisikie kwangu. Tulipokuwa Kasulo shimo la kuchimba madini lilikuwa ndani ya chumba chetu cha nyuma. Wachimbaji hawapendagi mwanamke akaribie mdomo wa shimo, wanasema udongo mzuri unakimbia. Lakini shimo likiwa ndani ya nyumba yako utajificha wapi? Mi nilipika kwenye mlango wa mbele nikiligeuzia mgongo. Siku moja mshika-kamba aliamka na homa, na tata yako akaniambia shika. Sheria yao ilikuwa hivi: yule wa chini akivuta kamba mara moja, ngoja, mara mbili, pandisha. Na wa juu lazima ajibu kwanza. Mi niliogopa. Wewe ulikuwa mgongoni. Kila kamba ilipocheza, hata panya akiipitia, nilijibu ndiyo na kupandisha. Gunia likapanda na mkono wa tata yako bado uko kwenye kitanzi. Alitoka na kucha moja pungufu na maneno ambayo sitayaandika kwenye barua. Mpaka leo anasema: "Huyu mama angenipandisha mpaka mbinguni, mradi asiniache."

Nilipokutajia hiyo kamba ulipiga goti langu. "Njo vile, mama, ndivyo kabisa! Ila kule kwenye shimo kamba ilikuwa moja kwa kila kitu. Hapa kila neno liko na kamba yake." Nikafurahi kwamba nimeelewa, na nikafurahi zaidi kwamba nimeelewa nusu, maana ulilazimika kunieleza tena.

Ukatengeneza. Mistari michache tu, ulinionyesha, haikujaza hata kioo. Ya ndani ikisema ngoja, isikike nje; ya nje ikisema ngoja, isikike ndani. Nilidhani imekwisha. Wewe ukasema hapana, kosa haliko kwetu tu, liko kwa kila mtu duniani anayetumia programu hii, lazima kupeleka mistari hii kwa wale wanaoilinda. Nikakuuliza wako wapi. Ukasema hujui. Wako kila mahali.

Na mtu akajibu. Hatukujua kama ni mwanamume au mwanamke, mzee au kijana. Ulikuwa unanisomea kwa Kiswahili, mi ninakanda unga. Alisema kazi ni nzuri, lakini mwanzo je? Kabla mashine ya ndani haijasema lolote, umeandika kwamba waya uko tayari. Umejuaje? Umedhani. Usidhani, uulize waya wenyewe.

Ulikasirika. "Banapenda kutesa batu!" Ukafunga kompyuta, ukaenda kuchota maji ambayo hakuna aliyekutuma. Uliporudi ukaweka ndoo, ukasema: "Ana haki, amesema kweli." Ukaandika upya. Akarudi tena: na kebo ikichomolewa katikati ya kazi? Ukaandika upya tena.

Numbi, mi sikuwa ninaelewa maneno, nilikuwa ninaangalia. Mtu asiyekujua, asiyejua Kolwezi iko upande gani, asiyelipwa na Tata Kazadi, amekaa mahali fulani anabishana nawe juu ya waya mmoja kama vile wazazi wawili wanabishana juu ya mtoto mgonjwa. Hakuna aliyemlazimisha. Hakuna aliyekulazimisha. Nilikuwa nafikiri ulimwengu ule mkubwa ni wa watu wanaokuja kuchukua, wanapima, wanapakia, wanaondoka. Sikujua kwamba ndani yake wako pia watu wa namna hii. Walipokubali, ulinionyesha jina lako limekaa pale, Numbi, la bibi yako mzaa tata ambaye hakuwahi kushika kalamu. Ukaniambia sasa kila atakayechukua programu hii ataichukua na mistari yako ndani. Iko mashine mahali fulani leo imesubiri vizuri, na mwenye mashine hajui kwamba msichana wa Kolwezi ndiye aliyeifundisha.

Lakini siku ile niliyoitaja mwanzo ni siku tuliyorudi kwenye labo. Ulikuwa umechomeka katikati ya kebo kisanduku kidogo chenye taa, kila waya na taa yake. Tata Kazadi akaweka damu. Zile taa za maneno zikaanza kucheza haraka haraka, jicho haliwezi kuzifuata. Kisha taa moja ya pembeni, ndogo kama mbegu ya ufuta, ikazimika. Na mashine ile kubwa, nzito, iliyotoka ng'ambo, ikanyamaza. Hakuna aliyeigusa. Ilisimama na damu yake ndani, ikangoja. Taa ikawaka. Mashine ikaendelea pale pale ilipoachia. Ikazimika, ikangoja. Ikawaka, ikaendelea.

Nilishika meza. Nilikuwa nimeliona neno "ngoja" kwa macho, na nimeona kitu kikubwa kikilitii.

Karatasi ikatoka imejaa. Tata Kazadi akaisoma mstari kwa mstari akilinganisha na hesabu zake za jicho, akaisoma mara ya pili, akaikunja akaitia kwenye mfuko wa shati. "Lazaro amefungua kitambaa chake mwenyewe," akasema. Wiki ile ile yule mama wa Kasulo alirudi na mtoto wake. Kidole kimoja, karatasi moja, na dawa ikapatikana.

Halafu wale watu wa Lusaka wanaotengeneza mashine za hospitali wakaliona jina lako wakakuita kwenye kazi. Na mi nikafanya nini? Nikasema: "Enda, enda, hakuna shida, mama yako yuko sawa." Nilisema asubuhi, nikasema mchana, na maharagwe nilikuwa nimeyatia chumvi mara mbili. Ulisukuma sahani, ukanitazama usoni.

"Mama, unasema ndiyo sawa na ile programu. Ndiyo, ndiyo, kila saa ndiyo, na hata hauko tayari. Sitaki ile. Kama ni ngoja, sema ngoja. Mi nitangoja."

Mutoto wangu mwenyewe. Nilikaa chini. Maisha yangu yote nimesema ndiyo haraka: kwa wazazi, kwa tata yako, kwa wachimbaji waliotaka kupitisha shimo chini ya kitanda. Mtu wa hofu hasemi hapana, anasema ndiyo halafu mambo yanamwangukia chini bila mtu kujua. Sikujua kwamba ninaruhusiwa neno lingine. Nikajaribu. Nikasema: "Ngoja." Likatoka dogo sana.

Ukawaandikia wale watu: mama amesema ngoja. Na wakangoja! Watu wa ofisi, Lusaka, wakasimama kwa sababu ya neno la mwanamke anayekaanga mikate. Hilo pia bado ninalishangaa.

Basi mlipokuwa mnangoja, mi nilikuwa ninaenda mpaka chini ya hofu yangu kuona imesimama juu ya nini. Nilifikiri ni Lusaka. Nilifikiri ni kwamba kule hakuna atakayejua wewe ni mtoto wa nani, na ukiugua nani atakuja kugonga kwetu. Hizo ziko, sitakudanganya. Lakini chini yake kabisa nilikuta kitu kingine: kwamba mikono yangu itakuwa mitupu. Kwamba nikikuacha, basi sina kazi tena.

Nikamuuliza Tata Kazadi, kwa ujanja, mashine itakuwaje Numbi akienda. Nilitaka aseme itakufa. Akanishika bega. "Mama Numbi, mashine haina tena lazima ya Numbi. Asubuhi nawasha, mangaribi nazima. Njo heshima yake hiyo. Fundi mubaya, kila siku unamuita."

Nilirudi nyumbani na beseni tupu kichwani na sikusikia njia.

Kule uendako watakuharakisha. Watakuuliza uko tayari, na utaona aibu. Sema ngoja, kama ndiyo hali. Na ukiwa ndiwe mwenye kutuma, angalia kwanza huyo wa upande wa pili, mikono yake imejaa nini. Hivyo tu. Hivi nimevipata kwako, ninakurudishia kwa sababu mtu husahau vyake.

Sasa nimefika. Tangu asubuhi ninalizunguka neno hili, nimeliacha mpaka mwisho ili mkono ulikute likiwa la kweli. Nimejiangalia. Nimejiuliza tena. Ndiyo, Numbi. Niko tayari. Enda.

Na kesho ukiniona pale kwenye basi ninalia mpaka watu wanageuka, usishuke, mutoto wangu. Machozi si ngoja. Ni machozi tu.

Mama yako